Kioo cha Pijo na Mkwe Aliyekaa Nyuma

Tangu nirudi nyumbani Iyunga, Mbeya, kila anayepita karibu na gari letu ananiuliza swali lile lile: kwa nini kioo cha pembeni cha Pijo kinatazama mlango wa nyuma badala ya kutazama barabara? Mmeniuliza kwenye mazoezi ya kwaya, mmeniuliza kazini, na jirani mmoja alinisimamisha nikiwa nimebeba ndoo ya maji kichwani ili aniulize vizuri. Nimekuwa nikijibu kwamba ni habari ndefu. Sasa naiandika yote, ili atakayeuliza tena nimpe karatasi nami niendelee na ndoo yangu.

Iyunga, kabla ya kuwasha gari

Mnajua kwamba binti yetu Atupele alikuwa anafunga ndoa Iringa siku ya Jumamosi. Msilolijua, pengine, ni ahadi iliyokuwa nyuma ya ndoa hiyo. Atupele akiwa darasa la kwanza, babu yake, Mzee Ambakisye, alikuwa akimpeleka shule kwa Pijo lake kila asubuhi. Siku moja alimwambia kwamba akiolewa atampeleka kanisani kwa gari hilo hilo. Mtoto akajibu kwamba bila Babu yeye haingii kanisani. Mtoto amekua, amesoma, ameajiriwa Iringa na kupata mchumba huko, lakini jibu lake halikubadilika. Wiki moja kabla ya ndoa alinipigia simu na kulirudia neno kwa neno.

Mume wangu Lusajo alikuwa ametangulia Iringa kushughulikia ukumbi, na mpango ulikuwa arudi kutuchukua. Kisha ukumbi ukabadilishwa, kamati ikagawanyika, naye akakwama huko akiwapatanisha ndugu. Akasema niende na gari mimi mwenyewe, nimlete baba yake. Alilisema hilo kwa haraka, kisha simu ikakatika.

Ili mwelewe uzito wa jambo hilo, lazima niseme kidogo kuhusu nyumba yetu. Mimi ni Mhehe, nimeolewa kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Kwa desturi ya zamani ya watu wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wengi siku hizi wameiacha. Mzee Ambakisye hajaiacha, na mimi baada ya kuizoea nimeona ina faraja zake: sijawahi kugombana naye hata mara moja. Anaishi kwenye nyumba ya uani. Kabla hajapita kona hutikisa funguo zake, na mimi kabla sijapita kona hukohoa. Ninavijua viatu vyake, nayajua mabega yake kwa nyuma, naijua kofia yake ya pama, na sauti yake naisikia kupitia ukutani anaposali. Tumeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini kwenye kiwanja kimoja. Katika picha ya harusi yangu yeye ni ile kofia iliyoinama upande wa kushoto.

Yeye mwenyewe haendeshi tena kwa sababu ya magoti. Alikubali niendeshe, lakini kwa masharti, na masharti yaliletwa na Shangazi Tusekile, dada yake mdogo, ambaye ndiye mjumbe wetu wa miaka yote. Shangazi ni mfupi, mnene, na hufikisha ujumbe bila kupunguza kitu.

"Kaka anasema atakaa nyuma yako," alisema Shangazi, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Anasema kile kioo cha ndani kigeuzwe kitazame dari. Na anasema mkionana uso njiani, yeye atashuka na kurudi kwa basi la kwanza litakalopita."

"Amekasirika?"

"Hapana. Anasema tu."

Hicho ndicho kilichonitia hofu. Mzee Ambakisye alikuwa gadi wa treni maisha yake yote ya kazi, yule anayekaa behewa la mwisho na kutazama nyuma, na akitamka jambo hulitamka kama anayetangaza ratiba. Angeshuka kweli, na Atupele angekaa nje ya kanisa kweli. Nina watu wawili wa aina hiyo katika ukoo mmoja.

Kiti cha nyuma upande wa kushoto tulijaza mikungu ya ndizi, maana kama Mzee angekaa huko ningemwona kila nilipogeuza shingo. Kioo cha ndani kikatazamishwa darini. Gari halijawahi kuwa na kioo cha kushoto. Kwa hiyo jicho pekee nililobaki nalo la kuona nyuma lilikuwa kioo cha pembeni cha kulia, kilichosimama kwa mguu wake juu ya madigadi ya mbele, na hicho kilikuwa kimelegea. Ukikigusa kilikuwa kinaitikia kwa kichwa kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri.

Fundi wa karibu na nyumbani alikifunga kwa kipande cha mpira wa tairi.

"Hiyo inafika mpaka Tunduma," alisema.

"Tunakwenda Iringa."

Alifikiri kidogo. "Basi inafika Iringa."

Iyunga hadi Igawa

Kilifika Uyole. Hapo tulisimama Shangazi anunue viazi, kwa sababu alikuwa na shaka kama Iringa wana viazi. Nilimwambia kwamba nimezaliwa Iringa na nimekulia viazi. Alisema anajua, ndiyo maana ana shaka.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Inyala, ule mpira ulianza kuteleza. Kwanza kioo kilinionyesha mawingu. Kilipopita kwenye matuta ya barabarani kilinionyesha gurudumu. Kisha, taratibu, kikaanza kugeukia ndani, na kwenye ukingo wake nikaona kitu cha rangi ya kahawia ambacho baada ya muda nilikitambua kuwa ni ukingo wa kofia.

Nilitazama mbele. Nyuma yangu ikasikika sauti.

"Tusekile. Mwambie mke wa mwanangu kwamba kioo kinaingia ndani."

Shangazi alikuwa amekaa kando yangu, na kati yangu na Mzee ulikuwapo mgongo wa kiti tu. "Anasema kioo kinaingia ndani," alisema.

"Mwambie nimekiona, nasimama."

"Anasema amekiona, anasimama."

"Mwambie asisimame kwenye mteremko."

"Anasema usisimame kwenye mteremko."

Tulisimama tambarare. Shangazi akashuka, akazunguka mbele ya gari, akakiinua kioo, akarudi. Tulifanya hivyo tena Igurusi, na tena kabla ya Chimala, na kila mara alichukua muda mrefu zaidi kurudi kwenye kiti. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na mashamba yalikuwa na rangi ya mkeka mkuukuu. Baada ya Chimala, Shangazi alisema kwamba yeye amekuja harusini, hakuja kuwa mguu wa kioo. Nilikubaliana naye kwamba Igawa tutatafuta fundi wa kweli.

Igawa

Fundi wa Igawa alikuwa mchomeleaji wa mageti. Alikuwa ameegemeza geti la bluu kwenye mti na alituacha tumngoje amalize kulikagua. Kisha akakitikisa kioo chetu mara moja tu.

"Mama, nati imeisha uzi," alisema. "Nikikaza, mbele huko italegea. Dawa yake ni kuchomelea."

"Ukichomelea hakitageuka tena?"

"Ndiyo maana ya kuchomelea."

Nilimtuma Shangazi akaulize nyuma. Gari ni la Mzee, na amelitunza kuliko alivyoyatunza magoti yake. Jibu lilikuwa kwamba achomelee, lakini mara moja, na kisikatwe tena njiani, kwa sababu ule mguu ni wa chuma chembamba na ukikatwa hovyo utaondoka na madigadi.

Fundi akataka dereva akae kwenye usukani aseme kioo kielekee wapi. Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, na tulilifanya kwa nia njema na kwa adabu kamili. Mzee hakuweza kushuka. Magoti yalikuwa yamekakamaa. Nami nikikaa kwenye usukani wakati kioo kinageuzwageuzwa, kingepita usoni pake kabla ya kufika mahali panapostahili, kwa sababu kioo hakina njia nyingine ya kufika. Tulilijadili jambo hili kupitia dirishani, mimi nikiwa nimeligeuzia gari mgongo. Uamuzi ukawa kwamba Shangazi akae badala yangu.

Shangazi hajawahi kuendesha gari. Alikaa ukingoni mwa kiti, miguu ikining'inia, akaushika usukani kwa mikono yote miwili kwa uzito mkubwa.

"Bibi, unaona barabara?" fundi aliuliza.

"Naona barabara. Naona mbuzi."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nyuma, anakula boksi."

"Anaonekana mzima?"

"Mzima kabisa. Hata boksi naliona."

"Basi usitikisike." Akavaa miwani yake, cheche zikaruka, na kazi ikaisha. Fundi alikitingisha kioo kwa nguvu zake zote na gari zima likatingishika pamoja nacho. Alipokuwa anapokea shukrani, umeme ulikatika Igawa nzima, na mashine zote za kijiweni zikanyamaza.

Nikakaa kwenye usukani. Mimi ni mrefu, na hukaa nikiwa nimeegemea. Nilitazama kioo nikitarajia barabara na mbuzi, nikaliona sikio la Mzee Ambakisye. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.

Niliinamisha kichwa haraka. Kama mimi naliona sikio lake, yeye akigeuka kidogo tu angeuona uso wangu wote. Fundi alipoelezwa tatizo alisema kwamba kwa yule bibi mfupi kioo kiko sawasawa. Kukata alikuwa tayari kukata, lakini kwa umeme, na umeme haukuwapo. Tulingoja. Shangazi alinunua karanga. Mbuzi alimaliza boksi. Jua lilianza kupita utosini, na Iringa ilikuwa bado mbali sana, na Lusajo alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama baba bado yumo garini. Nikamwambia yumo.

Igawa hadi Makambako

Niligundua kwamba nikisogea mbele, kidevu kikakaribia usukani, na nikikunja mgongo mpaka niwe na kimo cha Shangazi, kioo kinanionyesha barabara kama kawaida. Niliendesha hivyo. Magari yaliyotoka mbele yalinipisha kwa heshima inayotolewa kwa watu wasiojiweza.

Mgongo una mipaka yake, hata hivyo, na kila niliponyooka kidogo nililiona sikio. Shangazi akatoa kitenge chake cha maua, akakifunga kwenye dirisha la Mzee kwa ndani kama pazia, akakibana na kioo cha mlango. Adabu ikarudi. Lakini dirisha hilo halifungi vizuri, na mwendo ukiongezeka upepo ulikitoa kitenge nje kikapepea pembeni mwa gari, kikifunika nusu ya kile nilichokuwa naweza kuona.

Trafiki alitusimamisha kabla ya Makambako. Alikuwa kijana mwenye koti zito, maana upepo wa huko mwezi wa sita hauna masihara. Alilizunguka Pijo, akatazama kioo, akatazama kitenge, akapokea leseni yangu, akainama kwenye dirisha langu.

"Shikamoo mama. Huyo mliyemfunika ni mgonjwa?"

"Marahaba. Hapana, afande. Ni baba mkwe."

Akatazama kitenge tena. "Wa Rungwe?"

"Wa Rungwe."

"Na mimi nimeoa huko," alisema, akinirudishia leseni yangu bila kuifungua. "Mama mkwe wangu namjua mgongo tu. Kifungeni vizuri hicho kitambaa, kinapepea. Shikamoo mzee."

"Marahaba," kikasema kitenge.

Makambako

Tulikula kwa mama lishe mmoja pembeni mwa stendi: wali, maharage, nyama ya mchuzi na mboga ya majani. Tulikaa kama tunavyokaa kwenye shughuli zote za ukoo: Mzee meza moja akitazama barabara, mimi meza ya nyuma yake nikitazama ukuta, migongo yetu ikikaribiana, na Shangazi katikati akila kutoka pande zote mbili.

Mama lishe alituhudumia mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu hakuvumilia. Aliweka sahani, akaifuta mikono yake kwenye aproni, akamwendea Mzee.

"Baba yangu, samahani naingilia. Msamehe binti yako. Safari haiendi vizuri watu wakiwa wamenuniana."

"Hajanikosea," alisema Mzee.

Yule mama akaja kwangu. "Mwanangu, omba radhi tu. Hata kama huna kosa. Wazee ndivyo walivyo."

"Hatujagombana, mama. Ni mkwe wangu."

"Ndiyo, wakwe ndio wagumu zaidi," alisema kwa huruma, akaniongezea nyama. Kisha akamwongezea na Mzee, nadhani ili mizani ikae sawa. Shangazi alimweleza desturi yetu tangu mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza yote akitikisa kichwa. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akimwambia mteja mwingine kwamba wale pale wamegombana vibaya sana, mpaka wana mkalimani.

Makambako hadi Mafinga

Sehemu hii ninaiandika polepole.

Baada ya Nyigo tulilikuta lori la mbao likipanda kilima kwa mwendo wa kutembea kwa miguu. Tulikaa nyuma yake muda mrefu, tukila moshi. Mgongo wangu ulikuwa umegoma kukunjika. Mbele palikuwa peupe. Nilijivuta kwenye usukani nitazame kioo, na upepo wakati huo huo ukakitoa kitenge, nikaona maua ya njano na nyekundu, na hakuna kingine. Nilisikiliza. Lori lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba nisingesikia hata kengele ya kanisa. Nikawasha taa ya kulia, nikaanza kutoka.

"Usitoke," ilisema sauti nyuma ya sikio langu. "Mama Atupele, usitoke."

Nilirudisha usukani. Basi lilitupita upande wa kulia, karibu mno, honi yake ikaja baada ya basi lenyewe, na Pijo likayumba kwa upepo wake. Dereva wa lori naye akapiga honi. Kisha ukabaki moshi.

Penye nafasi niliegesha gari. Nilivuta breki ya mkono. Shangazi alikuwa amelikumbatia begi lake. Hakuna aliyefikisha ujumbe wowote, kwa sababu haukuwapo ujumbe. Maneno yalikuwa yamekuja yenyewe, moja kwa moja, na jina langu likiwamo ndani yake. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilitamka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee Ambakisye alishuka taratibu, goti moja kisha jingine, akavuta mkoba wake, akasimama nyuma ya gari. Nilijua bila kutazama, kwa sababu nilizisikia funguo zake. Upande wa pili wa barabara basi dogo la kwenda Mbeya lilipunguza mwendo, na kondakta akatoa kichwa akiita, "Mbeya, Mbeya, mzee, nafasi ipo."

Nilimfikiria Atupele amesimama nje ya mlango wa kanisa na shela lake. Nilifikiri pia kwamba kama ningekuwa na ujasiri ningeshuka nimwombe. Lakini kushuka kungekuwa ndiko kumkamilishia sababu ya kuondoka, maana tungeonana uso. Kwa hiyo nilikaa nikitazama usukani, nikamwambia Shangazi aende. Akaenda. Basi dogo liliendelea kungoja, kondakta akipiga bati kwa kiganja. Kisha likaondoka, na sikujua limeondoka na nani.

Shangazi akaja kwenye dirisha langu. Uso wake haukuwa na habari yoyote.

"Kaka anasema nikwambie kwamba yeye hajasema kitu."

"Mwambie mimi sijasikia kitu."

Akaenda, akarudi. "Anasema basi ni sawa. Anasema kitenge changu kitolewe dirishani, hakina kazi. Na anauliza kama ule mkungu mmoja unaweza kusogezwa."

Mkungu ulisogezwa. Mzee aliingia upya, safari hii akajigeuza kabisa kwenye kiti, magoti yakaelekea kwenye ndizi, mgongo wake ukagusana na mgongo wa kiti changu, uso ukatazama kioo kikubwa cha nyuma na barabara tuliyokuja nayo. Ndivyo alivyokaa kwenye behewa la mwisho miaka yote ile. Kwenye kioo cha pembeni sasa niliona kisogo cha kofia tu, na kisogo nimekizoea.

"Tusekile," alisema. "Mwambie nyuma kweupe."

Mafinga hadi Ipogolo

Mafinga kulikuwa na ukungu na baridi ya kuingia kwenye meno. Shangazi alikuwa ameshiba, ameogopa, na amefikisha ujumbe tangu asubuhi. Tulipoingia kwenye misitu ya misonobari kichwa chake kiliegemea dirisha, na kabla ya msitu kuisha alikuwa anakoroma.

Nilingoja nione itakuwaje. Muda si mrefu sauti ikaja kutoka nyuma.

"Tusekile. Mwambie mke wa mwanangu kuna basi linakuja, alipishe."

Shangazi akakoroma. Nikalipisha basi.

"Shangazi," nikasema, "mwambie nimelipisha."

"Tusekile, mwambie sasa kuna pikipiki, na nyuma ya pikipiki ni peupe."

"Shangazi, mwambie ndaga." Hiyo ni asante ya kwao, na ni neno ambalo matamshi yangu hayajawahi kuliweza.

Tuliendelea hivyo. Kila lori lilitangazwa, kila mwendo wa kasi uliripotiwa, na mimi sikugeuza macho kutoka mbele. Sijawahi kuendesha nikiwa na uhakika kama ule. Pale Ifunda barabara ilikuwa tupu na hapakuwa na la kutangaza. Nilidhani naye amelala.

"Tusekile," alisema. "Mwambie mke wa mwanangu kwamba viazi anavyoniletea asubuhi vinazidi chumvi."

Nilitafakari jambo hilo kwa umbali fulani.

"Shangazi, mwambie angesema mapema."

"Mwambie ningesema vipi? Huyu Tusekile mwenyewe anapenda chumvi. Nilimtuma miaka ile ya mwanzo. Nadhani hakufika."

Shangazi alibadilisha upande wa kukoroma.

"Mwambie nitapunguza."

"Mwambie mengine yote ni mazuri," alisema. Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini kidogo: "Mwambie hata kikohozi chake. Akisafiri, uani kunakuwa kimya."

Nilikohoa. Nyuma yangu funguo zikalia mara moja. Tukaendelea mpaka Tanangozi, na hakukuwa na gari lolote nyuma yetu.

Iringa

Shangazi aliamka tulipoanza kupanda kutoka Ipogolo, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akasema kwamba barabara hii haina matuta kama ile ya kwetu.

Kwa kina dada yangu walikuwa wamejaa uani, wote wanatungoja, na nilisikia salamu ya kwetu Wahehe, "Kamwene, kamwene," kabla sijazima injini. Nilikaa kwenye usukani, macho mbele, mpaka niliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Atupele alikimbia, akapiga goti mbele ya babu yake.

"Shikamoo Babu. Tuliogopa. Mmefikaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumefika salama. Bibi yako Tusekile ametuongoza vizuri sana."

Shangazi alikuwa anashusha viazi vyake. Aligeuka. "Mimi? Mimi nimelala tangu Mafinga."

Lusajo alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, nami nikatazama mkungu wa ndizi. Mzee Ambakisye aliiweka sawa kofia yake.

"Ulikuwa unasema ukiwa usingizini," alimwambia dada yake.

Shangazi alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, kama mjumbe mwenye uzoefu anayepokea ujumbe ambao hataupeleka popote. "Inawezekana," alisema. "Hata marehemu mume wangu alinilalamikia hivyo."

Jumamosi niliwaendesha kanisani. Atupele alikaa nyuma ya kiti changu na shela likajaa kwenye kioo cha pembeni, jeupe, hata nikadhani ni ukungu wa Mafinga. Babu yake alikaa upande wa kushoto, amejigeuza, anatazama nyuma. Alipoulizwa na mjukuu wake kwa nini hatazami kanisa tunakokwenda, alisema kanisa halitatugonga. Kisha akashuka na mkongojo wake, akampa mkono, na wakaingia pamoja kwa mwendo wa magoti yake. Mimi nilifuata mbali kidogo, nikiitazama kofia aliyoivua na kuishika nyuma ya mgongo.

Tuliporudi Iyunga yule fundi wa mpira wa tairi alikiona kioo, akasema aliyefanya kazi hiyo aliharibu, na kwamba yeye anaweza kukikata na kukigeuza jioni hiyo hiyo bila kugusa madigadi. Ilikuwa kauli ya maana, na mimi nina mgongo wa kufikiria. Nilimtuma Shangazi nyumba ya uani akaulize. Alirudi akitafuna kitu.

"Kaka anasema kioo kiachwe kilivyo. Anasema akihitaji kwenda mahali, na wewe ukiwa na nafasi, yeye atatazama nyuma."

Tumeshakwenda naye Tukuyu, na wiki ijayo tunakwenda Chunya. Shangazi hukaa mbele, maana bila yeye haitakuwa heshima. Humpa kaka yake salamu, hunipa mimi salamu, kisha hujifunika kitenge na kulala kabla hatujatoka getini.